Mninga wa Kwenye Simu

"Kochi la kona, mninga tupu, sponji ngumu, rangi utakayo, tunaleta hadi mlangoni." Tangazo la namna hii lina vitu viwili tu: picha moja au mbili zinazong'aa, na mstari mmoja wa maneno. Mnunuzi wa Mbagala, wa Kisauni au wa Nyamagana akilifungua kwenye simu, jicho lake huganda kwenye picha. Anaikuza kwa vidole viwili, anamtumia dada yake aitazame naye, kisha anauliza bei. Ule mstari wa maneno unapita bila kuhojiwa, kana kwamba umewekwa pale kuipamba picha. Naamini mnunuzi huyu ameshika mambo kinyume. Katika biashara ya samani za bei nafuu mtandaoni, picha haithibitishi karibu chochote, ilhali maneno ya muuzaji yanaweza kupimwa kwa rula, kwa mizani, kwa pua na, ikibidi, mbele ya hakimu. Anayetaka kujua kama samani ni nzuri na kama ni halisi, aanze kwa kumfanya muuzaji aseme mengi zaidi, na picha aziombe za sehemu zisizopendeza.

Tutazame kwanza jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Wengi wanaouza samani kwa Instagram, Facebook, WhatsApp au kwenye masoko ya mtandaoni kama Jiji hawana karakana. Wana simu, wana akaunti yenye jina zuri, na wana mafundi wawili watatu wanaowajua, pengine wa Keko jijini Dar es Salaam, pengine wa kandokando ya Barabara ya Ngong au wa Gikomba jijini Nairobi. Mteja akishaipenda picha na kutoa malipo ya awali, picha hiyo hiyo hutumwa kwa fundi, naye huambiwa: toa kama hii. Mara nyingi picha imetoka kwenye katalogi ya kiwanda cha Uturuki au cha China, na fundi hajawahi kukitia mkononi kitu kilichopigwa picha. Sisemi kwamba huu ni wizi. Fundi hodari huweza kukitazama kitu na kukitoa vizuri, pengine kikawa imara kuliko kile cha kiwandani. Lakini picha ya namna hiyo ni ombi tu, ni umbo ambalo fundi atatakiwa alifuate. Haisemi lolote juu ya mbao zitakazotumika, kwa sababu wakati mteja anaitazama, mbao hizo bado zimesimamishwa kwa muuza mbao, hazijanunuliwa.

Picha ya kuazima huweza kutambuliwa. Ukiipitisha kwenye programu ya kutafuta kwa picha kama Google Lens, kochi "letu la Keko" linaweza kuibuka sebuleni Istanbul, na zulia lake na dirisha lake. Siku hizi zipo pia picha zilizotengenezwa na kompyuta, ambazo hazina sebule yoyote nyuma yake, na hizo hazitapatikana popote. Ndiyo maana njia bora ni kumwomba muuzaji apige picha mpya: aweke kikaratasi chenye tarehe ya leo juu ya kiti, akipige, kisha akilaze kiti chali akipige tena. Hapo ndipo penye habari. Uso wa samani ndiyo sehemu rahisi kuipendezesha, kwa msasa, vanishi ya kung'aa na kitambaa laini cha velveti. Gharama yenyewe imejificha chini na nyuma, kwenye fremu, kwenye viungo, ndani ya mto wa kukalia, kwenye mgongo wa kabati unaotazama ukuta. Kitambaa cheusi kilichopigiliwa chini ya kochi kina kazi yake ya kuzuia vumbi, lakini pia kinafunika kile ambacho mnunuzi analipia. Muuzaji aliye tayari kukibandua upande mmoja na kupiga picha ndani amesema jambo kubwa kuliko picha kumi za sebuleni.

Sasa tuingie kwenye neno "halisi", kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Chukua mahogani. Jina hilo kwa asili ni la miti ya Amerika na visiwa vya Karibi, jamii ya Swietenia. Wafanyabiashara wa mbao wakalipanua lifike kwa ndugu zake wa Afrika, jamii ya Khaya, ambayo kwetu inawakilishwa na mkangazi. Sokoni likazidi kupanuka, na leo ubao wowote mwekundu-mwekundu huweza kuitwa mahogani, muuzaji asione kwamba amekosea. Kwa hiyo anayeuliza "hii ni mahogani halisi?" ameuliza swali ambalo jibu lake ni "ndiyo" kila siku. Swali linalojibika ni hili: mti gani, kwa jina la Kiswahili, na umetumika sehemu zipi? Muuzaji akiandika "mkangazi miguuni na mikononi, fremu ya ndani paini", hayo ni maneno yanayoweza kuwa kweli au uongo. Neno "mahogani" limeshavutwa mno, halina tena upande wa uongo.

Mninga una jina lililo wazi zaidi, na kwa sababu hiyo uongo wake ni mchungu zaidi. Ni mti wa misitu ya miombo, Pterocarpus angolensis kwa jina la kisayansi, na mafundi wanaupenda kwa sababu isiyo ya rangi peke yake: ukishakauka hausinyai sana, haupindi, na moyo wake hauliwi upesi na wadudu. Lakini hukua polepole, kwa miongo mingi kabla ya kufikia unene wa kuvunwa, na umevunwa sana. Novemba 2022, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama, jamii tatu za miti ya Afrika ziliingizwa kwa pamoja kwenye Kiambatisho cha II, yaani orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inahitaji vibali: jamii ya mninga, jamii ya mkongo ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, na jamii ya mkangazi. Hiyo ndiyo mitatu ambayo matangazo yetu huitaja kila siku kana kwamba inaota uani. Linganisha na paini ya mashamba ya Serikali ya Sao Hill, Mufindi, ambayo huvunwa mti ukiwa na umri usiozidi sana miaka 25. Haiwezekani seti nzima ya mninga tupu, ndani na nje, iuzwe kwa bei ya paini. Mahali bei hizo mbili zinapolingana, neno "tupu" ndilo limedanganya.

Na mara nyingi limedanganya kwa njia ambayo picha haiwezi kuifichua. Mti mmoja wa mninga una mbao mbili: moyo wa kahawia wenye mistari mizuri, na ganda la nje jeupe lenye manjano kidogo, ambalo halina uimara wa moyo na ndilo linalobunguliwa na wadudu mpaka unga ukadondoka sakafuni. Rangi ya vanishi inaweza kulivika ganda hilo sura ya moyo, na inaweza kuivika paini sura ya mninga. Kinachobaki kusema kweli ni kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno. Ubao wa mti mzima una mistari inayopita usoni kisha kukunja kona na kuendelea kichwani, ikionyesha pete za ukuaji. Kwenye ubao uliobandikwa ganda jembamba la mti au karatasi iliyochapwa, mistari huishia ukingoni ghafla, na kichwani unakutana na ukanda wa plastiki au na unga uliogandishwa. Omba picha ya karibu ya kona ya meza na ya kichwa cha mguu wa kitanda. Ni picha mbaya, haina mvuto wowote, na muuzaji anayekuuzia ubao wa kubandika kwa jina la mninga atakuwa na sababu nyingi za kutoituma.

Hata hivyo nisieleweke kwamba mbao za viwandani ni bandia na mti mzima ndiyo kweli. Kosa hili limewagharimu wanunuzi fedha nyingi. Kampuni ya IKEA ya Sweden imekuwa muuzaji mkubwa kabisa wa samani duniani kwa kutumia chipubodi, MDF (ubao wa nyuzi laini za mti zilizogandishwa kwa gundi) na hata karatasi: meza yake ndogo iitwayo Lack ina ubao wa juu uliojazwa karatasi zilizopangwa kama sega la nyuki, na maelezo ya bidhaa yanasema hivyo hivyo waziwazi. Mtu anayeinunua anajua amenunua nini, hataipakia televisheni ya kilo 40, na hawezi kusema ameibiwa. Hiyo kwangu ni samani halisi. Kabati la MDF linaloitwa MDF ni halisi kuliko kochi la "mninga tupu" ambalo mninga wake uko kwenye mikono miwili inayoonekana. Samani ni halisi pale inapofanana na maelezo yake, na ubora wake ni kadiri inavyoifaa kazi iliyotajwa. Mambo haya mawili yakitenganishwa hivi, mnunuzi wa kipato kidogo anaacha kukimbiza jina la mti wa kifahari na kuanza kuuliza yale yanayomhusu.

Kwa mbao za kiwandani, swali la kwanza ni unene kwa milimita. Ugumu wa rafu dhidi ya kupinda hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo ubao wa milimita 18 ni mgumu kwa asilimia zaidi ya 70 kuliko wa milimita 15, ingawa tofauti yenyewe ni milimita 3 ambazo hakuna picha itakayozionyesha. Urefu nao una hesabu kali: mzigo ule ule ukitandazwa juu ya rafu yenye urefu mara mbili, rafu itapinda mara 8. Kabati pana lenye rafu ndefu isiyo na nguzo ya kati linavutia kwenye picha kwa uwazi wake, na kwa uwazi huo huo litapinda likijaa nguo. Swali la pili ni maji. Chipubodi huvimba inaponyonya maji na haisinyai tena ikarudi ilivyokuwa, na nyumba zetu nyingi hupigwa deki kwa ndoo na tambara. Kabati lililokaa moja kwa moja sakafuni, na ukingo wake wa chini haukuzibwa kwa ukanda, limeshaandikiwa siku zake. Uliza kama lina miguu na ni ya sentimita ngapi, na kama kingo zote zimezibwa, pamoja na zile za chini zisizoonekana. Swali la tatu ni harufu. Gundi ya mbao hizi hutoa gesi ya formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 wakala wa Umoja wa Mataifa wa utafiti wa saratani uliiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mbao zenye alama ya E1 zimetengenezwa kwa kufuata kikomo cha Ulaya cha kutoa gesi hiyo. Kabati la chumba cha mtoto linalochoma macho kila unapolifungua lina jambo ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya fedha kutumwa.

Kuna kipimo ambacho watu wetu wanakiamini sana nacho kinapotosha: uzito. Kitu kizito ndicho kizuri, wanasema, na wauzaji wanajua wanasema hivyo. Lakini MDF ya kawaida ina uzito unaolingana na mninga au kuuzidi kwa ujazo ule ule. Uzito wa kabati, kwa hiyo, hautenganishi mti na unga wa mti. Pale uzito unapofaa kwelikweli ni mahali ambapo hakuna anayepima, yaani kwenye mto wa kochi. Sponji hutajwa kwa msongamano wake, kilo kwa kila mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 inaweza kutosha kwenye egemeo la mgongo. Kwenye kiti kinachokaliwa kila siku inalala mapema, na kochi linabaki na mashimo mawili mbele ya televisheni. Karibu kilo 30 ndiyo inayostahimili. Muuzaji akisema "high density" hajasema kitu, kwa sababu neno hilo halina kilo ndani yake. Lakini chukua mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye kimo cha sentimita 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.054. Sponji ya kilo 30 ya ukubwa huo itakuwa na kilo 1.6, na ya kilo 16 haitafika hata kilo 1. Kwa mizani ya duka la jirani, mto ukiwa umevuliwa kava lake, muuzaji anaweza kulijibu swali hili ndani ya dakika 5 na kukutumia picha ya mshale wa mizani. Ipo sponji iliyoongezwa unga wa chokaa ili iwe nzito, kwa hiyo kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Mto mwepesi, hata hivyo, hauna utetezi.

Viungo na ukavu wa mbao ndivyo vinavyoamua kama kitanda kitalia usiku baada ya mwaka mmoja. Kitanda cha tano kwa sita chenye ubavu uliochongwa ulimi na kuingizwa kwenye tundu la nguzo, au uliofungwa kwa boliti za chuma zinazokazika upya, ni kitu kingine kabisa na kitanda cha misumari, hata kama kwenye picha vimefanana kama mapacha. Ukavu ni shida kubwa zaidi kwa sababu fundi mwenyewe mara nyingi hana nafasi ya kuungoja. Mbao mbichi hukatwa leo, hupigwa randa kesho, na kochi hupelekwa keshokutwa. Ubao unaokauka ukiwa tayari ndani ya samani husinyaa kwa upana wake na karibu hausinyai kabisa kwa urefu, ndiyo maana milango hupinda, viungo huachia, na meza hupasuka katikati kwa mstari ulionyooka. Samani iliyotengenezwa Dar es Salaam kwenye hewa ya bahari ikapelekwa Dodoma kwenye ukame itakauka zaidi ikifika. Mnunuzi wa mikoa ya bara aulize wazi mbao zimekaa muda gani tangu zipasuliwe na zimekaushiwa wapi, na amwambie muuzaji samani inakwenda wapi.

Juu ya ngozi nitasema kwa ufupi. "Ngozi" kwenye tangazo la bei nafuu karibu daima ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na ile yenye tabaka la poliyurethani huanza kubanduka magamba kwa joto, jasho na unyevu, hali tatu ambazo pwani yetu inazo mwaka mzima. Kitambaa cha kawaida kilichofumwa vizuri kitadumu kuliko hiyo. Waulize wanaouza ngozi wakuonyeshe upande wa nyuma: ngozi ya mnyama ina manyoya-manyoya kama suede, plastiki ina nyuzi za kitambaa.

Msomaji mmoja atasema haya yote ni kudai mbingu kwa bei ya ardhi. Rahisi ghali, na anayetoa fedha kidogo akubali kilicho kidogo. Nakubaliana na nusu ya maneno haya. Anayelipa bei ya paini hana haki ya kudai mninga. Lakini ana haki kamili ya kuambiwa kwamba ni paini, na kupewa paini iliyokauka na kuunganishwa vizuri. Bei ndogo inapunguza ubora wa malighafi; haimpi muuzaji ruhusa ya kubadilisha majina. Tena mwenye fedha kidogo ndiye anayehitaji ukweli zaidi. Tajiri akiuziwa kabati bovu atanunua jingine mwezi ujao. Mwalimu aliyekopa kwenye kikoba ili anunue kitanda atalala juu ya kosa lile, na deni lake bado halijaisha.

Mwingine atasema dawa ni moja tu: acha mtandao, panda daladala uende Keko ukaone kwa macho yako. Ni ushauri mzuri kwa anayeweza kwenda, lakini macho hayana nguvu hiyo tunayoyapa. Kochi lililosimama mbele yako barabarani limeshonwa tayari. Fremu yake imefichwa na sponji yake imefichwa, sawasawa na kwenye simu. Wengi waliokwenda wenyewe walichofanya ni kulipapasa, kulikalia sekunde 10 na kuuliza bei ya mwisho. Maswali ya mti gani, milimita ngapi na kilo ngapi hayaulizwi hata pale fundi anaposimama umbali wa hatua mbili. Anayeuliza vizuri kwa simu kutoka Kigoma anaweza kununua vema kuliko anayepapasa Keko. Faida ya kwenda ni moja ya kweli: unaweza kuona kazi ikiwa nusu, kabla ya kitambaa. Na hata hiyo, muuzaji wa mtandaoni anaweza kuitoa kwa video ya dakika moja fundi akiwa bado kazini.

Kuna wanaotegemea sifa zilizoachwa na wateja na wingi wa wafuasi. Wafuasi hununuliwa, na maoni mabaya hufutwa na mwenye ukurasa. Lakini tuseme sifa zote ni za kweli. Mteja huandika "nimepokea, asanteni, nzuri sana" siku ile mzigo unapofika, wakati ambapo sponji mbaya na nzuri zinakaa sawa, mbao mbichi bado hazijasinyaa na plastiki bado inang'aa kama ngozi. Sifa ya siku ya kwanza ni sifa ya uso, kama picha. Sifa yenye uzito ni ya mteja wa mwaka juzi, naye haandiki. Muulize muuzaji kama yuko mteja wa miaka miwili iliyopita anayekubali kuongea nawe. Swali hilo pekee hutenganisha aliyejenga jina na aliyefungua ukurasa mwezi jana.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka upande wa mafundi. Fundi mdogo, watasema, ana kazi tano na wasaidizi wawili. Hana muda wa kumwandikia kila mteja maelezo ya milimita na kilo, na mteja wa maswali mengi mwishowe hanunui. Ni kweli kwamba maswali yanachosha. Lakini ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha, na fundi anayejua kazi yake ana majibu haya kichwani bila kutafuta. Zaidi ya hapo, fundi mkweli ndiye anayeumizwa zaidi na ukimya uliopo sasa. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kinachotokea sokoni pale mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya: hulipa bei ya katikati kwa vyote, mwenye kizuri huona hakimlipi na hujiondoa, na soko hubaki na vibaya. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hebu lipeleke wazo hilo Keko. Fundi anayetumia mninga mkavu mpaka kwenye fremu ya ndani anashindana na neno "mninga" lililoandikwa juu ya paini iliyopakwa rangi, kwa picha ile ile. Hawezi kupata bei yake, kwa hiyo kazi ijayo naye atapaka rangi. Mteja anayeuliza anampa fundi huyu nafasi pekee aliyonayo ya kuonekana.

Linabaki swali la sheria, ambalo wengi hulipuuza kwa kusema nani ataenda mahakamani kwa ajili ya kochi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Tanzania ikiwa Sura ya 214 na Kenya ikiwa Sura ya 31, ina kanuni ya zamani iliyorithiwa kutoka Uingereza: kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba kitu kifanane na maelezo hayo. Kanuni hii iliandikwa kabla ya simu za mkononi, lakini inaifaa biashara ya simu kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa mtandaoni kila kitu kinauzwa kwa maelezo. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa taarifa, na Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yaamuliwe ndani ya siku 60. Lakini tazama sheria hizi zinahitaji nini kutoka kwa mnunuzi: maelezo. Aliyenunua picha na neno "nzuri sana" hana cha kulinganisha. Aliye na ujumbe unaosema "mkongo nguzo na mbavu, chaga za paini, boliti nane, mbao za miezi sita, namba ya kulipia iko kwa jina la duka" ameshika kesi yake mkononi, na mara nyingi hatahitaji kuifungua, kwa sababu muuzaji naye ameshika nakala ya ujumbe huo huo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inampa pia mnunuzi nafasi ya kukikagua kitu kabla ya kuhesabiwa kwamba amekipokea. Nafasi hiyo hupotea mlangoni. Kirikuu kimesimama, dereva anapiga honi kwamba ana mzigo mwingine Tabata, vijana wawili wamekwisha kulishusha kochi na kulisukuma hadi ndani, na salio linadaiwa papo hapo kwa simu. Kwa hiyo jambo la kukubaliana mapema, kwa maandishi, pamoja na mti na milimita na kilo, ni kwamba salio litatumwa baada ya ukaguzi, na kwamba ukaguzi utafanyika mzigo ukiwa bado nje. Kochi lilazwe chali barazani. Kitambaa cheusi kifunguliwe upande mmoja. Kava moja livuliwe, mto upimwe. Kichwa cha mguu kitazamwe kama mistari yake inakunja kona. Dereva alipwe dakika zake 15 za kusubiri, na ujumbe wa muuzaji uwe wazi kwenye simu wakati wote huo, usomwe neno kwa neno.